Mwaka wa Printa ya Koridoni

Tulimzika Mwalimu Tusa huko Mlowo, siku ya Jumatano, katika udongo mwekundu uliokuwa bado umelowa, na kabla jeneza halijashushwa nilikuwa nimekwisha kumwona Salma. Alisimama nyuma ya wanawake wa ukoo, mtandio mweusi umeshuka hadi kwenye nyusi, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayengoja zamu yake dirishani. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka kumi na mitatu, wala sikutegemea kwamba angekuja. Shangazi mmoja wa marehemu, aliyesimama karibu yangu, alimtupia jicho, akamwinamia mwenzake. "Huyo si yule wa Tunduma? Yule aliyemuuza mtoto wetu kwa mkuu wa shule?" Mwenzake akajibu bila kugeuza kichwa, "Ndiye. Ana uso mkavu kweli, kuja hapa." Nilisikia kila neno, nami nikatazama viatu vyangu. Hivyo ndivyo nilivyofanya mwaka ule pia, nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita na shahada mpya kabisa ndani ya bahasha, na tangu siku hiyo sijawahi kuacha kutazama viatu vyangu kila jina la Salma linapotajwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa Tunduma, upande wa barabara ya kwenda Sumbawanga, mahali palipoinuka kiasi kwamba kutoka mlangoni uliona foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, mengine yakiwa yamesimama siku ya tatu, madereva wamening'iniza fulana zao kwenye vioo vya pembeni. Kulikuwa na koridoo moja ndefu yenye sakafu ya saruji nyekundu. Upande wa kushoto kulikuwa na vyumba vitatu vya wapangaji, na upande wa kulia aliishi Mama Sekela, mwenye nyumba, mjane aliyeongoza kwaya ya akina mama kanisani kwake. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Salma, mzaliwa wa Kondoa, aliyekuwa na duka la daftari, kalamu na vifaa vya ofisi karibu na mpaka. Kilinuka udi na maboksi mapya. Cha pili kilikuwa cha Tusa, mwalimu wa sekondari, nacho kilinuka chaki na mafuta ya nazi. Cha tatu kilikuwa changu, na sidhani kama kilinuka kitu chochote, maana nilikuwa na godoro, meza, na kibarua cha kujaza fomu za mizigo katika ofisi ya wakala mmoja wa forodha.

Salma ndiye aliyekuwa na kompyuta kubwa ya mezani na printa, vyote alivyovinunua kutoka katika ofisi iliyofungwa, na ndiye aliyeleta ruta ya intaneti. Siku moja alinikuta naosha vyombo, akasema, "Olipa, wewe si umesoma? Hivi vitu vya kila mtu na chake ni ujinga. Tuunganishie." Nililala kifudifudi koridoni Jumapili nzima nikivuta nyaya. Kompyuta ya Salma na printa tuliviweka juu ya meza mwishoni mwa koridoo, karibu na mlango wa uani, ili kila mmoja aweze kuchapa kwa laptopu yake akiwa chumbani kwake. Nikafungua ndani ya kompyuta ile folda moja ya pamoja nikaiita NYUMBANI, na ndani yake tatu ndogo, kila moja kwa jina la mwenyewe. Jioni ile tulikula wali na maharage tukiwa tumeketi kwenye kizingiti, Tusa akachapa picha ya ua kutoka kitandani kwake, nasi tukaisikia printa ikinguruma peke yake koridoni, tukacheka kama watoto. Tatizo pekee lilikuwa mpaka. Tulikaa karibu mno na Zambia, na laini ya ruta ikiachwa ijichagulie mtandao ilirukia ng'ambo, ikamaliza bando kabla ya chai. Kila asubuhi Salma alikuwa akiinama kuikagua. "Imevuka tena, mukwai!" angepaza sauti, kwa neno la heshima aliloazima kwa wateja wake wa Nakonde. "Nani kaigusa hii? Semeni ukweli, mie si mama yenu."

Kicheko hicho hakikudumu. Ninapoutafakari mwaka ule, naona kwamba ukuta wa matofali ulikuwa umetufundisha jinsi ya kuishi pamoja. Nilijua kwamba Tusa ana kikohozi, naye alijua kwamba mimi huongea usingizini, na hakuna aliyejali. Lakini folda tatu zilizokaa pamoja, zikitenganishwa na majina tu, zilitufanya tuanze kuviziana. "Dada Salma," Tusa aliuliza siku moja, akijaribu kuonyesha kwamba ni utani, "nikifuta kitu kwangu, kwako hakibaki?" Salma akamjibu huku anasugua gaga la kisigino, "Kibaki kifanye nini, shoga? Nina hamu gani ya kusoma insha za Fomu Tu?" Tusa akacheka, lakini tangu siku hiyo alipochapa kitu alisimama mbele ya printa tangu karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, kiganja amekitanguliza. Salma naye alianza kuuliza ni nani aliyetumia kompyuta yake wakati yuko dukani. Nami niseme ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu: waliyekuwa wakimhofia ni mimi. Neno la kuifungulia kompyuta ile nililijua kwa sababu mimi ndiye niliyeipanga, na siku nilizobaki peke yangu nilikuwa nikifungua folda za wenzangu. Sikuchukua wala kubadili kitu. Nilisoma maandalio ya masomo ya Tusa, orodha za bidhaa za Salma, na barua moja ambayo Salma alimwandikia kadhi kuhusu talaka yake, ndoa ambayo hakuwahi kututajia. Baada ya kuisoma hiyo nilimkaangia samaki, naye akashangaa nimepatwa na nini.

Printa ile ilikuwa na sheria moja, nayo haikutungwa na sisi. Ilikuwa ya Mama Sekela. Kwake yeye, karatasi iliyochapwa upande mmoja ilikuwa bado haijatumika. Chini ya meza aliweka katoni ya biskuti, na kila karatasi iliyoharibika, ikiwa wino umefifia au mstari umepinda, ilitupwa humo kifudifudi. Jumamosi alasiri alikuja na daftari lake la nyimbo, akaketi kwenye kigoda karibu nami, akanisomea beti nikiandika, kisha nikachukua karatasi kumi na nne katika katoni, moja kwa kila mwimbaji, nikachapa wimbo upande uliobaki mtupu. Salma aliwahi kumwambia, "Mama, nina rimu nzima dukani, nikuletee karatasi safi?" Mama Sekela akamtazama kama aliyetukanwa. "Mwanangu, Mungu anasikiliza wimbo. Hageuzi karatasi."

Kahawa ilipoiva mashambani, Tusa alianza kurudi nyumbani mapema na hasira. Mkuu wake wa shule alikuwa na shamba Ihanda, na kila Ijumaa lori lilifika uwanjani saa mbili asubuhi likapakia wanafunzi kwenda kuchuma. "Leo nimefundisha madawati," alisema jioni moja tukila makande jikoni kwa Mama Sekela. "Fomu Tu nzima haipo. Wanarudi jioni vidole vinanata, kila mmoja na soda yake, ndiyo malipo. Yule binti wa Isansa, yule niliyewaambia ana akili za hesabu, jana ameniuliza kama Ijumaa bado ni siku ya shule."

"Si elimu ya kujitegemea hiyo?" Mama Sekela aliuliza. "Sisi tulilima shamba la shule na tukasoma."

"Mama, shamba la shule ni la shule. Hili lina jina la mtu."

"Huyo mtu ni mzee wa kanisa. Mwendee nyumbani kwake, mseme naye kwa upole. Ya ndani humalizwa ndani."

Salma aliweka kijiko chini. "Mwalimu, andika. Ukisema kwa mdomo kesho atasema hukusema. Andika barua, peleka Vwawa kwa wakubwa wa elimu, kwa mkono wako." Nakumbuka vizuri kwamba ni yeye aliyesema hivyo, na kwamba Mama Sekela aliguna akaondoa sufuria mezani kabla hatujashiba.

Tusa aliandika kwa siku nne. Alhamisi asubuhi aliituma barua kwenye printa kabla ya kwenda kazini, na wakati uleule umeme ukakatika. Akaondoka, akitegemea kuchapa upya jioni. Siku hiyo mfumo wa ofisini kwetu ulikuwa umelala, tukaruhusiwa mapema, na saa saba mchana nilikuwa nyumbani peke yangu. Umeme ulikuwa umerudi. Niliwasha kompyuta ya Salma ili nichape fomu zangu, na kabla sijagusa kitu printa ikaanza kunguruma: barua ya Tusa, iliyokuwa imengoja kwenye foleni tangu asubuhi, ilikuwa inatoka. Ukurasa wa kwanza ulianguka mbele yangu, anwani kulia, na katikati kichwa cha barua kama tulivyofundishwa sote, kwa herufi kubwa nzito zilizopigiwa mstari: YAH: MKUU WA SHULE KUTUMIA WANAFUNZI KUCHUMA KAHAWA YAKE SAA ZA MASOMO. Chini yake alikuwa ameanza kutaja tarehe na majina. Kisha karatasi zikaisha kwenye trei, printa ikanyamaza.

Mtu mwadilifu angeiweka karatasi ile mlangoni kwa Tusa. Mimi niliisoma yote, na kwa kuwa sentensi ya mwisho ilikatika katikati nikafungua folda yake, nikafungua barua yenyewe, nikasoma hadi kwenye sahihi. Nilipomaliza nilikuwa na tatizo. Nikimpa karatasi, atajua nimeisoma. Nikiichana, vipande vitaonekana, maana katika nyumba ile hakuna aliyechana karatasi. Nikafuta kilichobaki kwenye foleni, nikaugeuza ukurasa ule kifudifudi, nikausukuma katikati ya katoni ya biskuti, mahali ambapo ungekuwa karatasi miongoni mwa karatasi. Jioni Tusa aliniuliza, "Ile yangu ya asubuhi ilitoka?" Nikamjibu, "Sijui, ndiyo nafika sasa hivi." Alichapa upya, akasimama na kiganja chake mbele ya printa, akazitia kurasa zote mbili kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi. Alikusudia kuipeleka Vwawa Jumatatu baada ya vipindi.

Jumamosi Mama Sekela alikuja na daftari lake. Nilichapa nakala kumi na nne za wimbo wake. Jumapili nilikwenda kanisani nikaketi nyuma, na kwaya ilipoimba nilimwona mkuu wa shule, kwenye benchi la wazee, akivaa miwani na kuinamia mbele. Kanisa lilikuwa dogo, na benchi lile lilikuwa hatua mbili kutoka kwa waimbaji. Nilidhani wimbo umemgusa.

Jumatatu saa nne asubuhi Tusa aliingia nyumbani akaketi sakafuni, koridoni, begi lake mapajani. Mimi nilikuwa najiandaa kwa zamu ya mchana, na Salma alikuwa amerudi kuchukua katoni za kalamu. "Ameniita ofisini kabla ya mstari," alisema. "Amenisomea kichwa cha barua yangu. Neno kwa neno. Akaniuliza, kuna sentensi kama hiyo unaifahamu, Mwalimu? Halafu akacheka. Akasema ameshapiga simu, ameshawaeleza kwamba kuna mwalimu mkorofi anayepanga kumchafua. Bahasha hii hapa. Haijafunguliwa. Ameisoma wapi?"

Kisha Tusa akanyanyuka, akaketi mbele ya kompyuta ya Salma, ambayo mwenyewe alikuwa ameiacha wazi, bila kuomba ruhusa, akafungua orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Nilijua atakachokiona. Barua yake ilikuwa pale, ya tatu kutoka juu. Ilikuwa imefunguliwa kwenye mashine ile siku ya Alhamisi, saa saba na dakika ishirini mchana.

"Alhamisi saa saba nilikuwa darasani," Tusa alisema. "Kompyuta hii ni ya nani, dada Salma?"

"Yangu. Na mie nilikuwa dukani."

"Nani shahidi?"

"Wateja wangu."

"Wateja wako wa Nakonde? Niwafuate Zambia niwaulize?"

"Mwalimu, punguza sauti, mie si mwanafunzi wako."

"Chaki za shule yetu zinatoka duka gani? Karatasi za mitihani zinatoka duka gani? Wiki iliyopita ulikuwa ofisini kwa mkuu, nilikuona kwa macho yangu, mnacheka."

"Nilipeleka mzigo! Nilie nikipeleka mzigo?" Salma aliniangalia, kisha akamwangalia Tusa. "Na mimi ndiye niliyekwambia andika. Umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo maana ulijua itakuwepo."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Shaka ikishakaa katika nafsi, hata wema huugeuza kuwa ushahidi, na hakuna la kusema ambalo haliwezi kuliwa nayo. Salma alilielewa hilo kabla yetu, nadhani, maana sauti yake ilishuka ghafla. "Neno la kuifungulia mashine hii tunalijua wawili," alisema. "Mie na Olipa."

Tusa aligeuka kunitazama. Uso wake haukuwa na shaka hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Olipa alikuwa kazini," alisema. "Si ndiyo, Olipa?"

"Ndiyo," nilisema. "Nilikuwa kazini."

Wakati ule nilijitetea moyoni hivi: nimesoma barua, lakini sijamwambia mtu, kwa hiyo aliyemwambia mkuu ni mwingine, kwa hiyo huenda ni Salma kweli, kwa hiyo uongo wangu haumwonei. Ilikuwa hoja iliyopangika vizuri, nami nilikuwa nimefunzwa kupanga hoja. Salma hakubishana tena. Alichomoa ruta ukutani, akazikunja nyaya kwa kuzizungusha kwenye kiwiko kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo, na kabla ya Ijumaa alikuwa amehamia chumba cha nyuma ya duka lake. Alipobeba printa Mama Sekela alimfuata hadi nje. "Mwanangu, na nyimbo zangu?" Salma akamwambia, "Wimbo husikika, Mama, hata bila karatasi," akampa mkono kwa heshima, na mimi akanipita.

Barua ya uhamisho wa Tusa ilikuja kabla ya mwezi kwisha. Haikueleza sababu. Alipelekwa shule moja ya bondeni, huko Momba, kwenye joto na maji ya chumvichumvi, mahali ambapo basi lilifika mara mbili kwa wiki. Bahasha aliipeleka Vwawa kama alivyokusudia, lakini ilipokelewa kama barua ya mwalimu mwenye kinyongo, na mwaka uliofuata, nilivyosikia, lori liliendelea kuja kila Ijumaa. Nilimsaidia kufunga godoro. Aliniambia, "Ningekuwa sina wewe katika nyumba hii ningepata wazimu," nami nikakaza kamba.

Wiki kadhaa baadaye Mama Sekela, aliyekuwa hana tena pa kuchapia, aliniomba nimpangie nyimbo za zamani zilizojaa katika mfuko wake, nimtolee zilizokamilika. Nilikuwa nimekaa jikoni, jiko la mkaa miguuni, yeye akichambua maharage. Nilizigeuza moja baada ya nyingine. Nyuma ya zaburi kulikuwa na orodha ya kalamu za Salma. Nyuma ya shangilio la mavuno kulikuwa na fomu yangu iliyofifia wino. Na nyuma ya wimbo wa Jumapili ile, umekunjika pembeni mahali vidole vya mwimbaji vilipoushika, kulikuwa na anwani kulia na, katikati, herufi kubwa nzito zilizopigiwa mstari. Nikaona yote kwa mara moja: akina mama kumi na wanne wameinua karatasi zao usawa wa kifua, maneno ya wimbo yakiwatazama wao, migongo ikiwatazama wazee wa benchi la mbele. Nikamwona mkuu akivaa miwani. Nikakumbuka pia jambo ambalo Tusa alikuwa amelisema na sote hatukulisikia: mkuu alimsomea kichwa cha barua tu. Hakutaja tarehe, wala jina la mwanafunzi hata mmoja. Mtu aliyeuziwa barua angeijua barua yote. Yeye alijua kile tu ambacho jicho la mzee asiyeona vizuri linaweza kukisoma kwa hatua mbili, wakati wa ubeti wa pili.

Niliisukuma karatasi ile kwenye makaa. "Unachoma wimbo?" Mama Sekela aliuliza kwa mshtuko. "Umelowa, Mama, hausomeki," nikasema. Akasikitika. Hakuna siku niliyokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kumrudishia Salma jina lake kuliko dakika ile, na dakika ile niliimaliza kwa kukoroga majivu na kijiti. Baada ya hapo nilibaki na ukweli bila kithibitisho, na mtu mwoga hupenda ukweli wa namna hiyo, kwa sababu anaweza kujiambia kwamba hata akisema haitasaidia. Tusa alinipigia simu miaka yote. Alipojifungua alinifanya mama wa ubatizo wa binti yake. Kila tulipokutana alimtaja Salma angalau mara moja, si kwa chuki kubwa, ila kama mtu anavyotaja goti linalomuuma wakati wa baridi. Alisema mara mbili kwamba walipishana sokoni Tunduma, Salma akamsalimia, naye hakuitikia. Nilimwacha aendelee kutoitikia. Sasa amekufa akiamini hivyo, na hilo hakuna wa kulirekebisha.

Baada ya chakula cha msiba nilimfuata Salma barabarani, alikokuwa akingoja gari dogo alilokuja nalo. Amenenepa, na anavaa miwani. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, bila kuketi wala kupumzika: Alhamisi, foleni, katoni, kwaya, benchi, makaa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Karatasi ya kwaya," alisema.

"Ndiyo, dada Salma."

"Olipa. Tulikuwa watatu katika ule mtandao. Tusa hakujisaliti mwenyewe. Mie nilijua mie sikufanya. Basi unadhani nimekaa miaka kumi na mitatu sijui ni nani? Nimejua tangu uliposema ndiyo, nilikuwa kazini, maana shingo ilikutoka jasho. Nilichokuwa sijui ni mkuu alikupa nini."

"Hakunipa kitu. Hakujua hata kama nimeisoma. Ni karatasi."

"Iko wapi?"

"Niliichoma."

"Nani alikuona?"

"Mama Sekela. Lakini alidhani ni wimbo ulioharibika. Na amekwisha kufariki."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, kama anavyocheka mwenye duka anapoletewa noti iliyochanika. "Unaona ilivyo? Unasema kweli, labda. Wallahi, labda unasema kweli. Lakini mie nikusikie kwa masikio gani?" Gari lilifika, akafungua mlango, akasimama. "Ukitaka kusema, usiniambie mie. Mie yangu naijua. Rudi pale mkekani uwaambie wale wanaoninong'ona."

Nilirudi. Akina mama walikuwa wameketi wamenyoosha miguu, masufuria yamekwisha kusuguliwa. Nikapiga magoti mbele ya yule shangazi, nikamwambia kwamba Salma hakumuuza mtoto wao, kwamba barua ile niliifungua mimi, na kwamba nilidanganya. Shangazi alinitazama kwa huruma, kisha akatazama barabarani, kwenye vumbi la gari lililokuwa linaondoka, kisha akanirudia mimi na kunishika mkono kwa viganja vyake viwili.

"Mwanangu," alisema taratibu, ili wengine wasiaibike kwa niaba yangu, "tumekuona umemfuata hadi kwenye gari. Amekupa nini, mama, hata useme hivyo siku ya leo?"

"Hajanipa kitu, shangazi."

"Haya," akasema, kama mtu anayempoza mgonjwa, na yule mwenzake akatikisa kichwa na kusogeza mguu wake kunipisha. Nikaketi katikati yao, nikavuta kanga kufunika magoti, nikaanza upya, tangu Alhamisi ya umeme kukatika.